Jirani Aliyefunzwa ni Ngao ya Mtaa



Leo tuzungumzie watu ambao wengi wetu huwakumbuka maradhi yakishaingia mtaani. Hao ni VHT, yaani timu za afya za vijiji. Hapa Kampala tunawaita "musawo", ingawa si madaktari wala wauguzi. Rai yetu ni kwamba watu hawa ni ngao yetu, na si haki kuendelea kuwatumia bure.

Wizara ya Afya ilianzisha timu hizi mwaka 2001, kwa kuwa madaktari ni wachache na wagonjwa ni wengi. Wakazi humchagua mwenzao, akafunzwa kwa siku chache, kisha akapita nyumba kwa nyumba. Kuanzia 2010, wengi wao katika wilaya kadhaa walifunzwa pia kuwatibu watoto wa chini ya miaka mitano malaria, nimonia na kuhara, na kumwahisha kituoni aliyezidiwa.

Tukumbuke Ebola. Ilitangazwa Mubende tarehe 20 Septemba 2022, na Oktoba ikafika Kampala. Hadi kutangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023, watu 142 walikuwa wamethibitishwa kuugua, na 55 kati yao walifariki. Virusi vile vya aina ya Sudan havikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Silaha ilikuwa kumjua kila aliyemgusa mgonjwa na kumfuatilia siku 21. Januari 2025 ugonjwa ulirudi, safari hii hapa hapa Kampala, na mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa muuguzi. Je, katika vichochoro vya Bwaise au Kisenyi, nani anajua aliyelala chumba cha tatu amehamia wapi? Ni jirani.

Kuna na suala la maiti. Maiti ya aliyekufa kwa Ebola huambukiza, na kuiosha nyumbani kunaweza kuangamiza ukoo. Familia yenye msiba haitamsikiliza kwa urahisi mgeni aliyeshuka garini amevaa plastiki mwili mzima. Itamsikiliza jirani inayemjua, akifuatana na imamu anayeeleza kwamba sheria yetu inazingatia dharura.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1992, Chama cha Madaktari wa Kiislamu Uganda (IMAU) kilianza wilayani Mpigi kuwafunza maimamu na watu wa kujitolea, wanaume kwa wanawake, kuzielimisha familia juu ya ukimwi. Baadaye kazi hiyo ikaingia hata madrasa. Mwaka 1998 shirika la UNAIDS liliichapisha iwe mfano kwa wengine.

Wapo wanaouliza: mtu wa mafunzo ya siku chache atatutibuje? Swali hilo lina haki yake. Kazi yake kubwa ni kuona mapema, kutoa taarifa na kumpeleka mgonjwa kwa mwenye ujuzi. Akivuka mpaka huo ni hatari, kwa hiyo lazima asimamiwe na kituo cha afya na afunzwe mara kwa mara.

Lakini kujitolea nako kuna mpaka. Mama anayefunga kibanda chake cha mboga ili azunguke mtaani ana watoto wa kulisha. Thawabu iko kwa Mwenyezi Mungu, lakini nauli ya boda boda hulipwa kwa shilingi.

Basi tunaiomba serikali iwape posho ya kila mwezi, isingoje mlipuko. Kila msikiti nao uchague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wapelekwe kufunzwa, na nauli yao itoke katika sadaka zetu. Nanyi wazazi, musawo akibisha hodi mfungulieni, na akiuliza nani anaumwa mwambieni kweli. Kumficha mgonjwa ni kumdhulumu yeye na majirani.

Wabillahi tawfiq.