Mzazi Si Sanduku la Michango

Shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania huandika habari zake kila siku ya kazi. Mwanafunzi aliyefika na asiyefika anaandikwa. Mwalimu aliyesaini asubuhi na aliyekosekana, wote wamo daftarini. Fedha zinazoingia benki na zinazotoka huandikwa, na tangu 2017 upo mfumo wa FFARS ambamo mwalimu mkuu anaingiza mapato na matumizi ili halmashauri na TAMISEMI, yaani ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, wayaone. Maksi za mitihani, madawati mabovu, matundu ya vyoo: kila kitu kina fomu yake. Na fomu zote zina njia moja, kwenda kwa afisa elimu kata, kisha halmashauri, kisha mkoani, kisha Dodoma.

Mzazi anayekaa jirani kabisa na lango la shule anapata nini? Anapata kikaratasi kilichokunjwa ndani ya daftari la mtoto: hela ya mtihani wa majaribio, hela ya mlinzi, hela ya uji, rimu ya karatasi, fagio, na tarehe ya mwisho ya kuleta.

Habari zinapanda, madai yanashuka. Hayo ndiyo mawasiliano tuliyoyazoea baina ya shule na nyumbani, na tumeyazoea mpaka tunayaona ni ya kawaida. Si ya kawaida. Ni uonevu, na umedumu mno.

Tuanze na fedha, maana ndipo shule inapokuwa na sauti kubwa ikidai na inaponyamaza ikidaiwa maelezo. Utaratibu wa elimu bila ada ulioanza Januari 2016 uliweka ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka: 6,000 ziende shuleni, 4,000 zibaki serikalini kununulia vitabu. Piga hesabu. Shule yenye wanafunzi 900 inatakiwa kupokea shilingi 5,400,000 kwa mwaka, yaani 450,000 kwa mwezi. Kwa chaki, karatasi, ukarabati na mitihani ya watoto 900, hela hiyo haitoshi. Walimu wakuu wanalisema hilo, na wanasema kweli.

Basi mzazi aonyeshwe! Mzazi anayejua kwamba mwezi huu zimeingia shilingi kadhaa, zimenunua hiki na hiki, na pengo ni hili, ataelewa kwa nini anaombwa elfu mbili. Anayefichwa anabaki na tetesi za kijiweni, na tetesi hizo ndizo zinazomvunjia heshima hata mwalimu mkuu mwaminifu. Ukimya haumlindi mtu yeyote isipokuwa mwizi.

Anayedhani kutangaza hesabu ni jambo dogo akumbuke yaliyotokea kwa jirani zetu Waganda. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ya shule za msingi za Uganda kati ya 1991 na 1995, wakakuta kwamba kwa wastani shule zilipokea asilimia 13 tu ya fedha zilizotengwa. Sehemu kubwa ya zilizobaki iliishia mikononi mwa maofisa na wanasiasa wa wilaya. Ndipo serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kinachotumwa kila wilaya, na shule zikaagizwa kubandika hadharani kiasi zinachopokea. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika shuleni. Wapo wachumi waliosema kwamba mageuzi mengine ya fedha nayo yalichangia, na hilo tulikubali. Lakini mzazi aliyesoma tangazo alipata kitu ambacho hakuwa nacho kabla: namba ya kuulizia. Mtu mwenye namba mkononi hafukuziki kwa maneno matamu.

Na fedha ni nusu tu ya jambo. Habari iliyo kubwa kuliko zote ni hii: mtoto wangu anajua kusoma? Shule inamjibu mzazi kwa lugha ya nafasi. Wa 34 kati ya 112. Nafasi hiyo inamwambia nini mama? Watoto 112 wakiwa wote hawawezi kusoma aya moja, bado mmoja wao atakuwa wa kwanza, na mzazi wake atamchinjia kuku. Watu wa Uwezo, mpango wa kupima stadi za watoto, walipoanza kupita nyumba kwa nyumba mwaka 2010 wakiwapima watoto na kuwaeleza wazazi matokeo papo hapo, walikuta watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi fupi ya darasa la pili. Wazazi wangapi walikuwa wanalijua hilo kabla ya mgeni kubisha hodi? Mwalimu wa darasa alikuwa anajua. Daftari la maksi lilikuwa linajua. Mwenye mtoto peke yake ndiye aliyekuwa gizani, naye ndiye ambaye angeweza kukaa na mwanawe jioni akamsikiliza akisoma.

Tazama pia mabadiliko makubwa tuliyo ndani yake sasa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka 6 badala ya 7, na elimu ya lazima kuwa ya miaka 10. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na darasa la tatu lilikuwa miongoni mwa madarasa ya mwanzo. Maana yake, mwaka 2027 watoto hao wanamaliza darasa la sita wakati kaka na dada zao wa mtaala wa zamani wanamaliza darasa la saba. Makundi mawili kwa pamoja yatabisha mlango wa kidato cha kwanza. Familia yenye mtoto katika kila kundi itanunua sare mbili, madaftari ya watoto wawili na pengine magodoro mawili ya bweni kwa mkupuo mmoja. Hiyo ni habari ya kuambiwa mapema, kwa mdomo na kwa maandishi, ili mkulima apange shamba lake na mama wa genge aanze kuweka akiba. Si ya kuokota redioni ukiwa umechelewa.

Naambiwa siku hizi kuna makundi ya WhatsApp. Yapo, na kwa mwenye simu janja na bando yana faida. Lakini mengi yanafungwa ili msimamizi peke yake aandike, na pale yanapoachwa wazi, mzazi anayeuliza hesabu hujikuta ametolewa. Na bibi anayelea wajukuu watatu kwa simu ya tochi, yeye si mzazi?

Naambiwa pia kwamba wazazi hawaji kwenye mikutano. Waje kufanya nini? Mkutano unaitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi, wakati mama lishe yuko jikoni na dereva wa bodaboda yuko barabarani akitafuta hela ya hayo hayo madaftari. Ajenda kumi, tisa zinapitishwa mbio, ya michango inakaa saa mbili. Fanyeni mkutano Jumamosi jioni, someni hesabu kwanza, elezeni watoto wanasomaje, kisha muone kama hata miti ya uwanjani itabaki na nafasi ya kuegemewa.

Naambiwa, mwisho, kwamba walimu wamelemewa. Kweli wamelemewa; mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia darasani anastahili pole na msaada. Ila sidai aandike kipya. Nadai kilichokwisha andikwa kwa ajili ya Dodoma kibandikwe pia langoni. Karatasi moja, gundi, dakika kumi.

Wala hii si hisani ya kuombwa kwa unyenyekevu. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yake. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia nguvu ya kuomba taarifa kwa mamlaka ya umma, nayo mamlaka ina siku 30 za kujibu. Januari 2018 Rais Magufuli alikataza wanafunzi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya michango. Sheria tunayo. Tunachokosa ni ujasiri wa kuidai.

Kwa hiyo nataka mambo manne. Kila mwezi, ubao ulio nje ya ofisi uonyeshe fedha zilizoingia, zilizotumika na zilizobaki, na mwenyekiti wa kamati ya shule asaini. Kila muhula, kila mzazi aelezwe kwa maneno mepesi mtoto wake anaweza nini katika kusoma, kuandika na kuhesabu, na nini bado. Kila robo mwaka, taarifa ya shule isomwe kwa sauti katika mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa, ili asiyejua kusoma asikie. Na kila mchango uje na muhtasari wa kikao kilichoupitisha. Usio na muhtasari hauna mlipaji.

Wajumbe mnaowakilisha wazazi katika kamati za shule, mlichaguliwa na wazazi, hamkuteuliwa na mwalimu mkuu. Anzeni ninyi. Nasi wazazi, katika kikao kijacho, kabla mtu yeyote hajataja kiasi kipya, mmoja wetu asimame, na wa pili amuunge mkono, na wa tatu: tusikubali mchango mpya hata wa shilingi mia mpaka tumesomewa hesabu ya ule wa mwaka jana.