SAUTI YA GIZA, NA MUNGU ASIYEZIBA MASIKIO



Wiki iliyopita mama mmoja wa kanisa letu alinijia ofisini hapa Makutano, ameshika simu ya mwanawe kwa ncha za vidole kana kwamba ingemuuma. Akaniambia, "Pasta, sikiza kitu mtoto wangu analala nacho. Kisha uniambie tutafunga siku ngapi."

Nikabonyeza. Nisiwadanganye, niliruka kitini.

Mama na kijana wamenipa ruhusa kuandika haya bila kuwataja majina. Nayaandika kwa sababu najua simu kama hiyo haiko katika nyumba moja tu.

Albamu yenyewe inaitwa Duma. Usidhani imetoka Ulaya au Marekani. Walioitengeneza ni Wakenya wawili wa Nairobi: Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, ndiye sauti, na Sam Karugu ndiye wa gitaa na mitambo. Waliirekodi Kampala, na lebo ya huko iitwayo Nyege Nyege Tapes ikaitoa Agosti 2020. Kwa Kiswahili duma ni yule mnyama mwenye mbio, lakini wao walilichukua jina hilo kutoka Kikuyu, kwa maana ya giza. Wimbo mmoja unaitwa Pembe 666. Sasa unaelewa kwa nini mama alitaka tufunge.

Mithali 18:13 inatuonya tusijibu jambo kabla ya kulisikia. Kwa hiyo nilirudi nyumbani, nikavaa spika za masikioni, nikaisikiza yote, mara mbili.

Hiki ndicho nilichosikia. Muziki wa metali, hasa ule mkali zaidi unaoitwa metali ya kifo, hushusha nyuzi za gitaa chini mpaka zinanguruma, kisha sauti inasukumwa kwenye mtambo kupita kiasi mpaka inapasuka. Ngoma hupigwa kwa mfululizo wa haraka sana, kama mvua ya mawe juu ya mabati. Hawa wawili wamekwenda mbali zaidi. Mapigo yao mengi yanatoka kwenye mashine, kwa kasi ambayo mpigaji wetu wa drams hawezi kuifikia hata kwa maombi. Juu ya hayo yote kuna sauti ya mtu anayelia, anayekoroma, anayepiga mayowe.

Mara ya kwanza nilisikia kelele tu. Mara ya pili nikaanza kusikia kazi. Mashine zinanyamaza mahali pamoja, pamoja na sauti, kisha zote zinaingia tena kwa pigo moja. Hilo halitokei kwa bahati. Muulize yeyote anayefanya mazoezi na timu yetu ya sifa Jumamosi jioni jinsi ilivyo vigumu watu wanne kunyamaza kwa wakati mmoja.

Na ile sauti? Mama alisema ni pepo. Nikasoma kidogo. Juu ya nyuzi za sauti tunazotumia kusema kuna mikunjo mingine kooni, na waimbaji hawa hujifunza kuitetemesha hiyo, huku pumzi ikisukumwa kutoka tumboni. Anayepiga kelele kwa koo tupu hupoteza sauti upesi. Mimi nalijua hilo vizuri, maana baada ya kesha la Ijumaa huwa siwezi kuagiza chai. Wale wamejifunza kutunza koo kuliko sisi wahubiri wengi.

Hapo nikacheka peke yangu. Sisi Wapentekoste ndio tunaolalamikia kelele? Jirani zetu hapa Makutano wasikie! Kanuni za NEMA za kudhibiti kelele zimekuwapo tangu 2009, na hazikutungwa kwa sababu ya vilabu vya pombe peke yake. Spika zetu nazo hukoroma tunapozifungua mpaka mwisho. Na mhubiri akipandwa na moto saa nane za usiku, mgeni anayepita barabarani akielekea Maua hawezi kujua kama ni mahubiri au ni Duma.

Lakini kuna jambo ninalotakiwa kutubu mbele yenu.

Nilikulia katika miaka ya hofu. Mwaka 1994 serikali iliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti ikawekwa wazi mwaka 1999. Shuleni tulinong'onezana kuhusu pete, kuhusu nyimbo zinazochezwa kinyumenyume, kuhusu roki. Nikaenda chuo cha Biblia na hofu hiyo mfukoni. Nilipopewa kanisa langu la kwanza, nilimkuta kijana mpiga gitaa ana kanda za roki. Nikamsimamisha mbele ya kanisa zima. Sikumuuliza swali hata moja. Alitoka kwa mlango wa pembeni na hajarudi kwa Mungu wala kwa watu mpaka leo ninapoandika. Gitaa lake liliuzwa. Huwa nalikumbuka.

Kwa hiyo safari hii niliuliza. Kijana alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Pasta, tangu tumzike baba, hiyo ndiyo kelele iliyo ndani yangu. Nikiisikia nje, ndani kunatulia."

Wapendwa, mimi ndiye niliyeongoza mazishi hayo. Tuliomba, tukala, viti vya kukodi vikarudishwa, nasi tukaenda zetu. Kila mtu aliyemshika mkono alimwambia jikaze, wewe ndiwe mwanamume wa nyumba sasa. Jumapili iliyofuata tulimweka kwenye drams apige nyimbo za ushindi. Hakuna aliyempa wimbo wa kulilia.

Na Biblia inao! Fungua Zaburi 88. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikawa sifa. Hii haigeuki. Katika Kiebrania neno lake la mwisho kabisa ni giza. Duma, kama ungependa. Na nani ametajwa kuwa mwandishi? Ni Hemani Mwezrahi. Tukisoma 1 Nyakati 6:33 na sura ya 25, tunamkuta Hemani akiwa kiongozi wa waimbaji katika nyumba ya Bwana. Wengi huamini ni mtu yuleyule. Wimbo wenye giza kuliko zote uliwekwa katika kitabu cha ibada, na Mungu hakuufuta.

Tazama pia Marko 5. Yule mtu wa makaburini alipiga kelele usiku na mchana. Wenzake walikuwa wamemfunga minyororo. Yesu alimuuliza jina. Na katika Marko 15:37 Bwana wetu mwenyewe alikata roho kwa sauti kuu. Kalvari hakukuwa na kinanda laini.

Kuna watakaosema, "Pasta amelegea." Hapana. Sitapiga Duma madhabahuni. Giza ni mahali pa kupita, si mahali pa kujenga. Hemani alilia, lakini alimlilia Bwana, na tofauti yote iko hapo. Wimbo unaokuacha ukitamani kufa, uzime, kisha umtafute mtu uzungumze naye usiku huohuo. Nipigie mimi hata kama ni saa tisa. Vitu vyote ni halali, anasema Paulo katika 1 Wakorintho 10:23, lakini si vyote vinavyojenga. Sijapata pia sababu ya kumfurahia mtu anayecheza na namba ya mnyama ili kushtua watu.

Ila tuache kupima roho kwa ulaini wa sauti. Katika Amosi 5 Mungu alizikataa nyimbo zilizopangwa vizuri kwa vinanda kwa sababu haki haikuwapo. Na sisi Wakenya tusisahau Shakahola. Mwaka 2023 tulianza kuhesabu miili iliyofukuliwa katika msitu ule, ikapita 400. Watu wale hawakupelekwa kule na gitaa linalonguruma. Walipelekwa na mahubiri, Biblia ikiwa wazi.

Tukumbuke pia kwamba wamishonari wengi waliokuja milimani huku waliikataa ngoma, wakasema ni ya shetani. Wachuka, majirani zetu, ni mafundi wa ngoma wanaojulikana mbali. Leo drams ziko hatua tatu kutoka mimbari yangu. Je, ngozi ya ngoma iliokoka, au ni sisi tulioacha kuogopa? Huko Australia bendi ya Kikristo iitwayo Mortification ilikuwa ikimwimba Kristo kwa sauti hiyohiyo ya kunguruma tangu mwanzo wa miaka ya 1990.

Kwa hiyo, mzazi, nakuomba mambo matatu. Usichome simu. Keti na mtoto, chukua sikio moja la hizo spika naye achukue lingine, msikize wimbo mmoja mpaka mwisho. Kisha muulize: hapa unasikia nini? Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu.

Nasi kama kanisa tumeanza. Ijumaa hii kwenye kesha tutasoma Zaburi 88 yote, na tutaishia pale inapoishia. Hakuna atakayerukia kinanda. Aliyefiwa alie. Kijana wetu ameniomba apige ngoma moja tu, polepole, na nimemkubalia.

Na wewe ndugu yangu wa gitaa, kama bado una namba ya mtu anayesoma ukurasa huu na andiko hili likakufikia: nilikosa. Mlango wa pembeni bado uko wazi, na ule wa mbele pia.

Mungu wa Hemani awabariki. Kama kuna kijana unayepaswa kumuuliza swali leo, usiandike Amina hapa kwanza. Nenda ukamuulize, ndipo urudi uiandike.