RAMANI YA MTAA NI MALI YA WENYE MTAA

Mvua kubwa zilipoushukia mji wa Dar es Salaam mwezi wa Desemba 2011, watu zaidi ya 40 walipoteza maisha na maelfu wengine waliachwa bila makao. Katika siku za msiba kama zile, swali la kwanza la mwokoaji ni jepesi: njia ya kufikia watu ni ipi? Lakini kwa mitaa mingi iliyojengwa bila kupimwa, swali hilo halikuwa na jibu katika karatasi. Mahali walipoishi maelfu ya wananchi, ramani ilionyesha uwazi mtupu.

Miezi michache kabla ya mafuriko hayo, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wa Tandale walikuwa wamekwisha kuanza kuuondoa uwazi huo. Walipita kichochoro kwa kichochoro, wakaandika njia, visima, vyoo na mifereji, kisha wakayaingiza yote katika OpenStreetMap. Hiyo ni hazina ya ramani iliyoasisiwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote aweza kuichangia kwa njia ya intaneti na kuitumia bila malipo. Mwaka 2015 kazi hiyo ilipanuliwa kwa mpango wa Ramani Huria, ukawafikisha vijana wa vyuo katika mitaa mingi inayokumbwa na maji.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu lina fundisho. Picha ya setilaiti huonyesha bati la nyumba, wala haionyeshi jina la mtaa, mfereji uliozibwa kwa taka, au kimo cha maji katika ukuta wa mwaka wa mafuriko. Hayo anayajua mkazi. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndiyo maana wapimaji wale walilazimika kuwauliza wenyeji maji yalifika wapi, wakaligeuza kumbukumbu la wazee kuwa mstari wa ramani.

Mwezi wa Agosti 2018 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa FOSS4G, mkutano wa dunia wa watengenezaji na watumiaji wa programu huria za ramani. Mikutano ya namna hiyo ina faida yake. Watu waliozoeana kwa maandishi tu, kila mmoja akiwa katika nchi yake, hukutana uso kwa uso, wakafundishana na kusahihishana. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hatapona kwa hotuba na mifuko ya kumbukumbu. Atapona ikiwa elimu iliyotolewa ukumbini itashuka hadi katika ofisi ya serikali ya mtaa.

Hapa ndipo tunapoona hatari. Ramani si msahafu usiobadilika. Mfereji uliochorwa mwaka 2015 huenda leo umejengewa ukuta. Daraja la miti huenda limekwenda na maji. Mradi ukimalizika, mfadhili huondoka na mwanafunzi huhitimu, na ramani isiyo na mlezi huanza kusema uongo. Na ramani inayosema uongo wakati wa mafuriko ni mbaya kuliko kutokuwa na ramani, kwani humpeleka mwokoaji mahali pasipopitika.

Wapo wanaodai kwamba kazi ya ramani ni ya wataalamu wa ardhi peke yao. Hatukubaliani nao. Kugawa viwanja na kuamua mipaka ni kazi ya wataalamu kwa mujibu wa sheria, na ramani huria haidai mamlaka hayo. Lakini kueleza kisima kiko wapi na mfereji gani umeziba hakuhitaji shahada. Kunahitaji macho, miguu, simu na uaminifu.

Kwa hiyo tunatoa wito. Kila halmashauri itenge fungu dogo la kuwawezesha vijana wawili wa kila mtaa, maana si haki kijana anayejitolea agharimie pia vocha ya intaneti kutoka mfukoni mwake. Vijana hao, wakiongozana na wajumbe wa mashina, wakague mifereji kabla ya masika na kabla ya vuli, wairekebishe ramani, na nakala yake ibandikwe ukutani mwa ofisi ya mtaa ili hata asiye na simu aione. Walimu wa jiografia katika shule za sekondari nao waifanye kazi hii kuwa somo la vitendo.

Mvua haingoji mradi mpya. Wenye mtaa tusiposhika kalamu wenyewe, tutachorwa na wengine, na siku ya maji tutatafutwa mahali tusipokuwapo.