Injini Imekufa kwa Ajili ya Kiki, Fundi Ndiye Anayetukanwa?

Kama hujaiona ile laivu basi wiki iliyopita ulikuwa huna bando. Mkali mmoja wa Bongo Fleva, yule anayependa magari kuliko studio, alikaa hewani karibu saa nzima anamchana fundi wake. Eti kamuulia injini. Akataja gereji ilipo, akataja jina, akamaliza kwa kutupia namba ya simu. Asubuhi fundi wa watu kaamka na matusi kutoka kwa watu ambao hawajawahi kumiliki hata baiskeli.

Sasa taratibu, maana stori hii ina upande wa pili na huo haukupewa laivu.

Gari lenyewe ni Mark II ya zamani, ndani ina 1JZ-GTE. Injini ya cc 2,500, pistoni sita za mstari, turbo. Kwa wasiojua, hii injini haina kile kifaa cha kupima hewa inayoingia kama yalivyo magari mengi. Yenyewe inategemea sensa ya presha. Sensa inasoma presha iliyopo kwenye menifodi, inapeleka taarifa kwenye kontroboksi, na kontroboksi ndiyo inaamua nozeli zimwage mafuta kiasi gani. Sensa ikidanganywa, gari zima limedanganywa.

Staa alikuwa anashuti video, na kuna shoti boneti inafunguliwa. Akataka humo ndani pawe kama sebuleni: waya zisionekane, vijimpira visionekane, na sensa iondolewe ilipo ikafichwe ndani chini ya dashibodi. Waliokuwepo gereji siku hiyo wanasema fundi alimwambia kabisa, "Bosi, mpira utakuwa mrefu. Nipe hela nikachukue wa silikoni na klempu zake pale Gerezani, halafu niachie gari siku moja nilipime." Jibu likawa, "Fundi, shuti ni kesho asubuhi, fanya unavyojua."

Fundi akafanya anavyojua. Ukawekwa mpira wa kurushia maji ya kioo cha mbele, ule mlaini wa waipa. Na huo huo mpira ukatobolewa njiani, ukagawanywa kwenda kwenye geji ya busti na kwenye ile valvu inayotoa mlio wa pssshh ukiachia mafuta. Mpira mmoja, kazi tatu.

Video ikatoka, kweli boneti lilikuwa linang'aa. Komenti zote moto.

Ila gari likaanza kuongea. Likisimama foleni linatetemeka na kunuka petroli. Ukiachia mafuta linapiga pa-pa-pa nyuma, na mwenyewe akawa anazirekodi hizo pa-pa-pa anazipost kama sifa! Yaani mgonjwa anakohoa, mtu anaweka biti. Wiki tatu baadaye, usiku, barabara ya Bagamoyo, pedali imekanyagwa mpaka chini, moshi. Injini ilipofunguliwa pistoni mbili zilikuwa zimeungua kwa juu.

Kilichotokea hakihitaji mganga. Mpira laini ukinyonywa unajikunja, ukipata joto la injini unalegea, ukisukumwa na presha unavuja pale ulipogawanywa. Fanya hesabu ndogo. Dar tuko usawa wa bahari, hewa ya kawaida ni kama kilopaskali 100. Busti ya baa 1 ikiingia, ndani ya menifodi panakuwa na kama 200. Sasa kama mpira unavuja na sensa inasoma 150, kontroboksi inamwaga mafuta ya 150 wakati hewa iliyoingia ni ya 200. Robo ya mafuta haipo. Hewa nyingi, mafuta kidogo, turbo inazidi kusukuma, hapo pistoni inapikwa. Na dereva hasikii kitu cha ajabu, kwa sababu gari bado linakimbia. Linakimbia mpaka linapoacha.

Fundi naye si malaika, hilo lisemwe. Ukijua kazi ni mbovu unakataa, au unaifanya halafu unamwambia mteja asikanyage mpaka arudi. Mpira wa waipa kwenye sensa ya injini ya turbo ni aibu kwa mtu mwenye miaka yote hiyo gereji. Na kumpima ingekuwa dakika kumi tu na pampu ndogo ya mkono: unasukuma presha kwenye mpira, unaangalia kama inashuka. Hakupima. Hapo anabeba lake.

Lakini kati ya aliyekataliwa siku moja ya kupima na aliyeikataa hiyo siku, nani kaua injini? Staa aliambiwa. Alikuwa na hela ya kukodi droni ya kupiga picha juu, akakosa hela ya mpira na klempu. Halafu lilipoharibika akachukua simu, akamgeuza fundi kuwa kontenti ya pili. Video ya kwanza fundi hakutajwa popote, hata shukrani. Ya pili katajwa mpaka namba ya simu.

Na watu wasianze kusema kuhamisha sensa ni dhambi. Subaru Impreza za turbo za miaka ya 90 zilitoka kiwandani sensa ikiwa pembeni kabisa, juu ya mnara wa shokapu, imeunganishwa na menifodi kwa mpira. Kuna dada mmoja wa mambo ya mitindo hapa mjini, huwa hapendi kelele, sensa ya gari lake imehamishwa mwaka wa pili huu na anapeta. Ila mpira ni mgumu wa silikoni, mfupi kadiri inavyowezekana, haugawani na chochote. Sensa imekaa juu kuliko pale mpira unapotokea, ili mafuta na majimaji yarudi chini yasiende kulala kwenye sensa. Na kwa injini kama ya huyu staa, mpira lazima utoke kwenye menifodi, baada ya throto. Ukiuchukua kwenye bomba la intakula kabla ya throto, gari likiwa limesimama sensa haioni ule mnyonyo wa injini, hesabu za mafuta zinavurugika hapo hapo.

Wenye magari ya hivi mnaosoma hapa, kipimo cha bure ni hiki. Washa swichi bila kuwasha injini. Kwenye mashine sensa isome kama 100 ukiwa Dar. Ndugu zetu wa Nairobi wataona kama 82 kwa sababu wako juu. Washa injini, iache itulie, ishuke mpaka 30 na kitu, 40. Ikigoma kushuka, au ikipanda kwa kuchelewa ukikanyaga, zima, fungua boneti, shika huo mpira kwa mkono. Gari likiwa la zamani halisomi mashine, fundi umeme anapima volti kwenye waya wa sensa, kazi ndogo.

Tukirudi kwa fundi. Gereji yake ina vijana wawili wanaojifunza kazi, na tangu ile laivu wateja watatu wamekuja kuchukua magari yao hata kabla hayajamalizwa. Namba yake bado iko kwenye ukurasa wa staa mpaka leo mchana, na ile video ya boneti linang'aa nayo iko pale pale imebandikwa juu kabisa.

Haya, dondosheni komenti. Nani ananunua injini mpya, na ile namba inafutwa lini?