Sifa za Bure kwa Bunduki ya Marisau

Msimu wa maembe ukiingia Pemba, yule popo mkubwa huzua mjadala barazani, na haupiti muda mjadala ukageuka kuwa wa bunduki. Wapo watu wazima, wengine waliowahi kuimiliki na wengine waliowahi kumfuata tu mwenye nayo, wanaoisifu bunduki ya marisau kama anavyosifiwa marehemu: mlio mmoja, popo chini, kijiji kizima kina kitoweo. Kisha, wanasema, ikaja sheria ikatunyang'anya raha yetu. Hawa ni wakubwa zangu na nawaheshimu. Madai yao ni jambo jingine.

Dai linalotangulia siku zote ni kwamba watu walipiga miaka nenda miaka rudi na popo hawakwisha. Walikaribia kwisha. Popo wetu, ambaye wataalamu humwita *Pteropus voeltzkowi* kwa kumkumbuka Mjerumani Alfred Voeltzkow, hapatikani pengine popote duniani. Unguja hayupo, na ng'ambo ya mkondo Tanga hayupo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtafiti aliyekuja kumtafuta aliona wachache mno, hata akaandika katika jarida la uhifadhi akiuliza kama kiumbe huyu yuko ukingoni mwa kutoweka. Katikati ya miaka ya 1990 kisiwa kikazungukwa kwa upana zaidi, na hesabu ikasimama kwenye takriban 5,000, wengi wao wakiwa wamejazana katika vituo vichache tu. Mwaka 1996 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, likamweka katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mzee anayesema popo walikuwa tele enzi za bunduki anakumbuka mwanzo wa enzi hizo. Mwisho wake hausimulii.

Sikatai kwamba shoka nalo lilifanya yake. Msitu wa asili umebaki vipande: Ngezi, Msitu Mkuu, Ras Kiuyu na vichaka hapa na pale. Lakini popo aliyekatiwa msitu huweza kuhamia kwenye miembe mikubwa akaishi. Marisau humfuata huko huko.

Na hapa ndipo wenye kuisifu bunduki wanapopita haraka, ilhali ndipo penye kiini. Popo huyu hulala mchana kutwa akiwa na wenzake, mamia kwa mamia, wananing'inia juu ya miti michache. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Marisau nayo hayachagui; ni punje nyingi zinazotawanyika mara tu zitokapo mtutuni. Ukiwafyatulia waliolala, utamwangusha uliyemkusudia, utawajeruhi usiowakusudia wakafie mbali, na wengine utawaua usiwapate kabisa. Kano za vidole vya popo hujifunga zenyewe kwa uzito wa mwili wake, ndiyo maana hulala bila kuanguka, na kufa hakuzifungui. Anabaki tawini mpaka aoze. Kwa hiyo anayejisifu kwamba alipata kumi kwa mlio mmoja amehesabu walioanguka tu. Waliosalimika nao huhama, wakauacha mti ambao pengine babu zao waliukalia. Wavu wa wazee wetu hauwezi hayo. Mwenye wavu alimvizia popo usiku, penye mti uliozaa, akampata mmoja au wawili, akarudi kwake amechoka.

Linalofuata ni dai la mila: eti bunduki ni urithi wetu. Urithi wa nani? Wavu ndio wa wazee. Bunduki ilikuja Zanzibar kama bidhaa, na ilikuja kwa wingi wa kutisha. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza mjini Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika kila mwaka kupitia mwambao huu. Nyingi zilikuwa magobori na silaha kuukuu zilizotupwa na majeshi ya Ulaya. Zilielekea bara, kwenye misafara ya pembe na ya watumwa, na hazikuletwa kwa ajili ya kitoweo cha Mpemba. Miaka miwili baadaye Mkataba wa Brussels wa 1890 ukazuia uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia latitudo ya 20 Kaskazini hadi ya 22 Kusini, na Zanzibar imo humo. Walioandika mkataba ule walitaja biashara ya watumwa. Kuwa nao waliogopa Mwafrika mwenye silaha nzuri mkononi, hilo halikuwa siri. Vyovyote iwavyo, wanaosema "zamani hakukuwa na marufuku" wanataja zamani isiyokuwepo. Bunduki visiwani imeishi na kibali, daftari na marufuku kwa zaidi ya miaka mia moja. Na ile ya marisau ilikuwa ya wachache: mwenye cheo, mwenye fedha ya kununua risasi, au mgeni aliyekuja kutalii na kulenga shabaha. Kijiji kizima hakikuwa na bunduki. Kijiji kizima kilisikia mlio.

Kuhusu nyama, kwamba ni tamu na ilikuwa kitoweo cha wote, nitasema machache. Utamu siubishii. Uhalali wake masheikh wamekhitilafiana, na mimi si sheikh.

Dai la maembe lina ukweli ndani yake, na anayelima ana haki ya kulalamika. Popo hula embe. Ila hula lililoiva mtini, na embe la kupelekwa sokoni Chake au Wete huchumwa kabla halijafika hapo. Huyo huyo mla maembe ndiye anayebeba mbegu za mitini na matunda mengine ya msituni kwa umbali ambao ndege wengi hawaufiki, na akinywa utamu wa ua la msufi huondoka na chavua usoni. Mwenye mwembe mmoja uani anapata hasara anayoiona. Faida imetawanyika kisiwa kizima, na ndiyo maana haina wa kuitetea barazani.

Dai la mwisho ndilo linalosemwa kwa hasira zaidi: kwamba marufuku yaliletwa na Wazungu kwa ajili ya watalii. Wageni walisaidia, kwa fedha na kwa kuhesabu, hilo ni kweli. Lakini Sheria Namba 10 ya 1996 ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu ilipitishwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na walinzi wa popo ni wanakijiji wenyewe, kama wale wa Kidike, kati ya Chake na Wete, ambao mgeni akitaka kuwaona popo huwalipa wao. Kabla ya sheria hiyo pia, vituo kadhaa vya popo vilisalimika kwa kuwa vilikuwa makaburini na kwenye vichaka vya mizimu, mahali ambapo mtu wa hapa hathubutu kukata tawi, sembuse kufyatua risasi. Marufuku ya kwanza yalikuwa ya Wapemba. Sheria iliyakuta makatazo yapo, ikayaandika.

Matokeo yake yanahesabika. Mwaka 2008 IUCN ilimshusha popo wa Pemba daraja ya hatari, na utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulimkadiria kufikia takriban 20,000. Ongezeko hilo limetokea bila mtu hata mmoja kukatazwa kula embe.

Kama bado unayo bunduki ya marehemu baba darini, isiyo na kibali, usingoje ikamatwe na watoto. Jeshi la Polisi limewahi kutangaza muda wa kusalimisha silaha kwa hiari bila mtu kushitakiwa, kama lilivyofanya Septemba na Oktoba 2023. Tangazo jingine likitoka, ipeleke, kisha urudi barazani utuhadithie ya wavu.