Hodi katika Chumba cha Upasuaji

Kwa Mheshimiwa Afisa Mkuu Mtendaji,
Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani, Mombasa.

Mheshimiwa,

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Ganjoni, ambaye barazani kwake hufika vijana waliomaliza kidato cha nne, wenye azma ya kuwa matabibu, na swali lao ni moja: mtu hupitia mlango gani hata aruhusiwe kushuhudia upasuaji, kabla hajatumia kiasi cha miaka sita ya ujana wake katika elimu ambayo huenda moyo wake hauiwezi?

Binti mmoja, mwana wa mchuuzi wa samaki, alizunguka na barua yake wiki tatu katika hospitali moja, akiambiwa njoo kesho, hali mwenziwe, ambaye ami yake ni daktari, aliingia siku ya pili. Alipofanikiwa kwingineko, hakunisimulia kisu wala damu, bali muuguzi aliyehesabu shashi kwa sauti, moja baada ya moja, na daktari aliyengoja hesabu itimie ndipo akashona. Nami nikajua kuwa ameiona kazi yenyewe.

Sisahau, hata hivyo, kwamba mwenye nyumba ni mgonjwa. Katika chumba cha upasuaji cha Hospitali ya St Thomas', London, kilichofunguliwa mwaka 1822, wanafunzi walisimama safu kwa safu wakimtazama fakiri aliyepasuliwa pasipo nusukaputi. Sisi tuna Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 31 chalinda faragha ya kila mtu. Basi mgonjwa na aombwe ridhaa akiwa macho, wala asiombwe na kijana mwenyewe. Na akikataa, asiulizwe sababu.

Ninalolitaka ni waraka mmoja, ubandikwe langoni, usomwe na mwana wa mchuuzi kama asomavyo mwana wa daktari: barua ya mkuu wa skuli, idhini ya mzazi kwa asiyetimiza miaka 18, ahadi ya kutunza siri, chanjo ya homa ya ini, simu iachwe nje, mgeni asimame mbali na vitambaa vilivyotakaswa, na akiona kizunguzungu aketi chini papo hapo bila haya.

Jina la hospitali yenu lina neno mafunzo. Tafadhali, tutengeeni siku moja katika mwezi.

Wenu mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Ganjoni.