Mlango Uwe Wazi, Mfuko Ufungwe

Mtu anapoacha kazi yenye mshahara akaiendea kazi isiyo na mshahara, majirani humtazama mara mbili. Mara ya kwanza humtazama kwa mshangao, na mara ya pili kwa huruma, kana kwamba amepungukiwa na akili. Hivyo ndivyo anavyotazamwa mchezaji wa raga ya kulipwa katika nchi ya Ayalandi anapoivua jezi iliyokuwa ikimlisha, akavaa ile ya kandanda ya Kigaeli, mchezo usiomlipa mchezaji wake mshahara wowote. Wako wamwitao mpumbavu. Wako pia, katika mchezo ule anaouendea, wamwitao mvamizi. Nakusudia kuonyesha kwamba makundi yote mawili yamekosea, na kwamba haki katika jambo hili ni moja: mlango uwe wazi, mfuko ufungwe.

Kwanza yafaa tuijue michezo yenyewe. Raga vijana wengi wa Kenya waijua. Mpira wake una umbo la yai, hurushwa nyuma kwa mikono, na mwenye mpira hukamatwa akaangushwa chini. Kandanda ya Kigaeli huchezwa na watu 15 kila upande, lakini mpira wake ni mviringo. Mchezaji aweza kuudaka na kukimbia nao mikononi, ila kwa hatua nne tu. Kisha hana budi kuudundisha chini, au kuuangushia mguuni na kuurudisha mkononi. Haruhusiwi kuurusha, humpa mwenzake kwa kuupiga ngumi au kofi. Milingoti ya goli ina umbo la herufi H kama ile ya raga. Mpira uingiao wavuni, chini ya mwamba, ni pointi tatu. Upitao juu yake ni pointi moja, na tangu mwaka 2025 ule uliopigwa kwa mguu kutoka mbali, nje ya tao la mita 40, ni pointi mbili.

Lakini tofauti iliyo kubwa zaidi haimo uwanjani. Raga iliruhusu malipo mwaka 1995, na leo Ayalandi ina timu nne kuu za kulipwa: Leinster, Munster, Ulster na Connacht. Kandanda ya Kigaeli, inayoongozwa na Chama cha Michezo ya Kigaeli kilichoundwa katika mji wa Thurles tarehe 1 Novemba 1884, ingali ya ridhaa. Siku ya fainali mchezaji hushangiliwa katika uwanja wa Croke Park mjini Dublin, uwezao kuchukua watu 82,300. Baadaye hurudi darasani kufundisha, au shambani kukama ng'ombe.

Tuanze na wale wasemao kwamba aiendeaye kandanda hii ni mpumbavu. Hoja yao ni fupi: thamani ya kazi ni ujira wake, basi aendaye pasipo ujira ameshuka. Mizani hiyo hupima mchele na sukari vizuri sana, lakini haipimi kila kitu. Mama halipwi kwa kulea, wala jirani halipwi kwa kubeba jeneza, na hata hivyo hakuna athubutuye kusema kwamba kazi hizo ni duni kuliko ya karani. Zipo kazi ambazo ukizilipa hugeuka zikawa kitu kingine.

Mtazame Rob Kearney. Alikulia katika rasi ya Cooley, kaunti ya Louth, akaichezea kaunti yake kandanda ya Kigaeli katika timu ya vijana kabla ya kuifanya raga kuwa kazi yake. Katika raga alikuwa mlinzi wa nyuma kabisa, na alisifiwa sana kwa kuruka na kuudaka mpira wa juu huku wapinzani wakimjia mbio. Ustadi huo ndio roho ya mchezo wa kwao. Aliichezea Ayalandi mara 95, na pamoja na Leinster akatwaa ubingwa wa Ulaya mara nne. Alipoiaga raga mwaka 2021 hakukaa kitako kuhesabu medali. Alirudi Cooley akaichezea klabu ya nyumbani, Cooley Kickhams, kati ya watoto wa majirani zake. Ni nani atakayesema kwamba mtu huyu ameshuka? Mtu hashuki kwa kurudi alikotoka.

Huenda mbishi akajibu kwamba Kearney alikuwa amekwisha kushiba, na aliyeshiba si vigumu kwake kula bure. Basi na tumtazame mwingine, ingawa mchezo uliomlipa haukuwa raga bali kandanda ya Australia. Tadhg Kennelly wa kaunti ya Kerry alikwenda Sydney akiwa kijana, na mwaka 2005 alikuwa miongoni mwa mabingwa wa nchi ile. Mwaka 2009, nguvu zikiwa zingali mwilini, aliacha mshahara akarudi Kerry kuitafuta medali ya ubingwa wa Ayalandi, ambayo baba yake alikuwa ameipata kabla yake. Aliipata mwezi wa Septemba mwaka ule ule, kisha akarudi Sydney. Huyu hakuwa ameshiba. Alikuwa na njaa ya kitu kisichouzwa dukani.

Sasa nawageukia walinzi wa lango. Hawa husema: "Sisi tumecheza bure miaka yote, katika mvua na matope, huku yeye akilipwa. Leo aje kumpokonya jezi kijana aliyeingojea?" Uchungu wao nauelewa. Lakini lango lililofungwa kwa uchungu lilikwisha kujaribiwa Ayalandi, na matunda yake yajulikana.

Chama kile kilizaliwa wakati nchi ilipokuwa chini ya utawala wa Uingereza, na kwa miaka mingi, hata mwaka 1971, kilikuwa na kanuni iliyomkataza mwanachama kucheza au hata kutazama michezo iliyohesabiwa kuwa ya kigeni, raga ikiwa mojawapo. Mwaka 1938 kanuni hiyo ilimwangukia Douglas Hyde, rais wa kwanza wa Ayalandi, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuitetea lugha ya Kigaeli. Kwa kosa la kuhudhuria mechi ya soka kati ya Ayalandi na Polandi, mechi aliyoiendea kwa sababu alikuwa rais, aliondolewa katika ulezi wa chama. Je, walimfukuza adui? La, walimfukuza rafiki. Naye Moss Keane wa Kerry, mchezaji hodari wa kandanda ya Kigaeli, alianza raga chuoni kwa jina la uongo ili asitambuliwe. Baadaye aliichezea Ayalandi raga mara 51. Kanuni imfanyayo kijana kulificha jina la baba yake haifundishi uzalendo, hufundisha udanganyifu.

Tena kuna ushahidi wa Croke Park. Tarehe 21 Novemba 1920 vikosi vya Uingereza viliufyatulia risasi umati uliokuwa uwanjani humo. Watu 14 wakapoteza maisha, mmoja wao akiwa mchezaji Michael Hogan wa Tipperary, ambaye jukwaa moja la uwanja hata leo laitwa kwa jina lake. Hivyo si ajabu kwamba mioyo mingi ilitetemeka wajumbe wa chama walipopiga kura mwaka 2005 kuruhusu raga na soka kuchezwa mahali pale. Tarehe 24 Februari 2007 timu ya raga ya England iliingia. Wimbo wao ukaimbwa, na watu wa Ayalandi wakausikiliza kwa adabu. Kisha wakawashinda wageni wao kwa pointi 43 dhidi ya 13. Mlango ulifunguliwa, na nyumba haikuanguka.

Na jezi ya yule kijana je? Ishindaniwe mazoezini. Mchezaji wa raga asipewe nafasi kwa sababu ya jina lake, wala asinyimwe kwa sababu hiyo. Wala asidhani kwamba kazi itakuwa nyepesi, maana mikono iliyozoea kumkumbatia mpinzani na kumwangusha, hapa yatenda kosa.

Nimesema mlango uwe wazi. Nimesema pia mfuko ufungwe, na hapo patakuwa na ubishi mkali zaidi. Mpinzani wangu atasema: "Viingilio vya watu 82,300 ni fedha nyingi. Kwa nini zisimfikie yule anayetokwa na jasho? Huo si moyo wa kujitolea, ni unyonyaji." Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Mguu ukivunjika uwanjani, chama kitibu. Nauli na chakula vilipwe. Hata serikali ya Ayalandi huwapa wachezaji wa kaunti ruzuku, nami sioni ubaya wake. Lakini kumfidia mtu hasara ni jambo moja, na kumnunua ni jambo jingine.

Fikiri yatakayotokea siku mshahara utakapoingia. Katika raga kisiwa kizima kinalisha timu nne kuu; katika mchezo wa Kigaeli ziko kaunti 32. Dublin ina watu zaidi ya 1,400,000, na Leitrim ina watu wapatao 35,000. Leo mtoto hodari wa Leitrim huichezea Leitrim kwa kuwa ndiko kwao. Kesho, fedha ikiwa ndiyo mwamuzi, atanunuliwa kama mbuzi mnadani, na wazee waliomfundisha watamwona kwenye televisheni tu. Mfuko ukiwa wazi, hata mlango wazi hauna maana tena. Watakaopita ni wale wenye bei, na watakaofungiwa nje ni wale wale walinzi wa lango wanaolalamika leo. Na ufungwe kweli kweli, si mbele ya watu tu. Malipo ya siri kwa makocha wa timu yamekuwa lalamiko la miaka mingi nchini mle, na chama kinachomwambia mchezaji acheze kwa mapenzi huku bahasha ikipita mlango wa nyuma hakina uso wa kumhubiria mtu.

Wewe usomaye haya huenda ukacheza raga shuleni mwako, na siku moja huenda ukalipwa kwa mchezo huo. Ulipwe, na ujira uupokee bila haya, kwa sababu umeutokea jasho. Lakini siku utakaporudi kwenu, vijana wa uwanja wa kijiji wakakuambia kwamba nafasi ipo ila malipo hakuna, usiulize umeshuka kiasi gani. Uliza mazoezi huanza saa ngapi.